Amesoma tamthilia ya shule, sasa anauliza kama baba yake amemkimbia mdogo wake

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, naishi Birmingham kwa miaka mingi sasa. Binti yangu ana miaka 15, mdogo wake wa kiume ana miaka 8. Huyu mdogo ana usonji, yaani autism. Haongei sana, na maneno aliyo nayo ni mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza. Swali lake kubwa la kila usiku ni "Kesho Jumanne?", hata kama kesho ni Jumamosi, kwa sababu Jumanne ndiyo siku ya kuogelea shuleni kwao. Anapenda lifti, anaziogopa mno zile mashine za kukaushia mikono vyooni, na akicheka nyumba nzima inacheka.

Mwaka huu binti anajiandaa kwa mtihani wa GCSE, ule wa kumaliza sekondari huku, wa fasihi ya Kiingereza, na tamthilia waliyopangiwa ni The Curious Incident of the Dog in the Night-Time. Mwanzoni nilifurahi. Nilisema angalau wenzake darasani watajua kidogo kuhusu watoto kama mdogo wake. Jioni moja akanikuta jikoni nasonga ugali, akaniuliza bila kunitazama: "Mama, baba alienda Tanga kwa sababu ya bibi au kwa sababu ya mdogo wangu?"

Mume wangu yuko Tanga tangu mwezi wa tano. Mama yake alipata kiharusi, naye ndiye mtoto wa kiume pekee. Alisema atakaa wiki chache, sasa ni miezi. Anapiga simu, lakini tukizungumza ni habari za bibi, za dawa na za bili za huku. Hata mimi sijui atarudi lini. Na kabla hajaondoka tulikuwa tunagombana sana, mara nyingi kuhusu huyu mtoto: kulala kwake, chakula chake, nani kati yetu apunguze kazi.

Nilimwambia binti asiwaze hayo. Ndipo aliponionyesha insha yake. Ameandika kwamba mama wa Christopher, yule kijana mhusika mkuu, aliondoka kwa sababu kulea mtoto wa namna ile huvunja nyumba, na kwamba hili linajulikana, familia nyingi zenye mtoto mwenye usonji huachana. Mwalimu amempa alama nzuri, pembeni akaandika kwamba ameielewa tamthilia. Tena darasani kuna mwenzake aliyemuuliza kama mdogo wake ni bingwa wa hesabu kama Christopher. Alipojibu hapana, yule mtoto akasema tu, "Ah, basi."

Nimekisoma kitabu mwenyewe. Nilipofika kwenye barua za yule mama, nililia. Upande wa mume wangu yupo shangazi yake ambaye tangu zamani anasema mtoto aliharibika kwa sababu nilirudi kazini mapema nikamwacha na watu, hakupata joto la mama. Sasa na kitabu cha shule nacho kinamsimamisha mama pale pale.

Naomba unishauri. Niende shuleni niombe binti abadilishiwe kitabu? Na nimjibu nini kuhusu baba yake? Mimi nafanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo binti ndiye anayempokea mdogo wake kwenye teksi ya shule kila siku, anamlisha na kukaa naye mpaka nirudi. Anamtunza vizuri mno, sijawahi kumsikia akilalamika. Ndiyo maana insha ile imenichoma.

Mama Wawili, Birmingham

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba, Mama Wawili. Pole kwa ugonjwa wa mama mkwe, na pole kwa kuibeba nyumba peke yako miezi yote hii.

Suala la shule nalimaliza mapema. Usiombe abadilishiwe. Tamthilia ile imo kwenye orodha ya mtihani, darasa zima liko ndani yake, na binti akitolewa peke yake ataelewa jambo moja tu: kwamba aliloandika ni kweli na mama hataki lisemwe. Yapo ya kumwandikia mwalimu, nitayafikia. Kazi kubwa iko nyumbani kwako, na sehemu yake moja iko Tanga.

Riwaya ya Mark Haddon ilitoka mwaka 2003, na tamthilia ya Simon Stephens iliyotokana nayo ikaanza kuchezwa London mwaka 2012. Kwa wasomaji wasioijua: Christopher ni kijana wa miaka 15 wa mji wa Swindon, anaishi na baba yake. Mbwa wa jirani anauawa, naye anaamua kupeleleza. Baba alikwisha kumwambia kwamba mama yake amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Katika kupekua, kijana anakuta barua zilizofichwa, za mama huyo huyo, zimetoka London, anakoishi na mwanamume aliyekuwa mume wa jirani. Mama anaeleza kwamba hakuwa na subira, kwamba baba alimudu zaidi, kwamba aliona wawili hao wangeishi vizuri zaidi bila yeye.

Hapo ndipo binti yako alipokwama, na ndipo nawe ulipolia. Lakini endelea kusoma. Kinachomfanya Christopher atoroke nyumbani usiku ni baba yake kukiri kwamba alimdanganya kuhusu kifo cha mama, na kwamba yeye ndiye aliyemuua yule mbwa. Kijana ambaye uwongo kwake ni kitu kisichovumilika anagundua kwamba mtu pekee anayemtegemea kwa chakula, kwa malazi na kwa kila kitu amemficha jambo kubwa kuliko yote. Anaogopa kulala nyumba moja naye. Nyumba ile ilipasuliwa na watu wazima, mmoja kwa kuondoka na mume wa jirani, mwingine kwa kuficha. Insha ya binti imemtwisha mtoto mzigo ambao tamthilia yenyewe imewatwisha wazazi. Ni kasoro ya usomaji, na mwalimu wake angeweza kumwonyesha hilo kabla ya kumpa alama.

Sasa turudi kwenye swali alilokuuliza jikoni. Alipouliza, alijibiwa "usiwaze hayo." Wengi wetu tumelelewa hivyo, mambo ya wakubwa hayawahusu watoto. Ila mtoto wa miaka 15 aliyesikia ugomvi usiku, akaona baba anafunga mizigo, akaona miezi inapita, hawezi kuacha kuwaza. Atawaza peke yake, na atashika maelezo yoyote yatakayopita karibu. Safari hii yaliyopita karibu yalikuwa ya kitabu cha shule.

Mjibu kwa ukweli ulio nao. Baba aliondoka kwa sababu ya kiharusi cha bibi. Ugomvi ulikuwepo kabla. Ulihusu usingizi, kazi na fedha, yaani namna wakubwa wawili waliochoka wanavyogawana shughuli, na mdogo wake ndiye aliyetajwa zaidi kwa sababu ndiye anayehitaji mikono mingi zaidi. Tarehe ya kurudi huijui. Basi mwambie hivyo: "Sijui atarudi lini. Nimemuuliza, na siku nitakayojua, nawe utajua." Usimtajie mwezi ambao hamjaupanga.

Kisha mumeo aseme kwa mdomo wake. Simu zenu zinaishia kwenye dawa na bili. Naelewa, ndivyo simu za kutoka nyumbani zilivyo. Mwambie atenge simu ya binti peke yake, wewe usiwepo, aeleze kwa nini alikwenda na anakusudia nini. Kama moyoni mwake ameanza kufikiria kubaki, hilo mlizungumze ninyi wawili kwanza, wiki hii, si baada ya mtihani. Na mdogo naye apigiwe. Mtoto asiyeongea sana husikia vizuri. Baba akimwambia kila simu kwamba kesho ni siku gani, tayari watakuwa wamezungumza jambo ambalo mtoto analijali kweli.

Nije kwenye sentensi ya binti iliyoniudhi zaidi, ile inayosema "hili linajulikana." Kwa miaka mingi nchini Marekani watu walikuwa wakirudia kwamba asilimia 80 ya ndoa zenye mtoto mwenye usonji huvunjika. Namba ile haikuwa na utafiti nyuma yake. Watafiti wa Taasisi ya Kennedy Krieger ya Baltimore walipoichunguza, wakitumia takwimu za kitaifa za mwaka 2007 za watoto karibu 78,000, walikuta watoto wenye usonji wanaoishi na wazazi wao wote wawili ni asilimia 64, na watoto wasio na usonji ni asilimia 65. Sikufichi kwamba upo utafiti mwingine, wa Wisconsin, uliochapishwa mwaka 2010, uliokuta talaka ni nyingi zaidi kwa wazazi wenye mtoto mwenye usonji: asilimia 23.5 dhidi ya 13.8. Kulea mtoto mwenye mahitaji makubwa kunachosha, na uchovu huingia kwenye ndoa. Ila hata kwa hesabu hiyo iliyo nzito, zaidi ya robo tatu ya ndoa zile zilisimama. Mpe binti namba hizi zote mbili, pamoja na ile inayouma. Ana akili ya kutosha kuona kwamba "huvunja nyumba" ni maneno makubwa kuliko ushahidi.

Kwa nini basi hadithi zinapenda sana familia iliyovunjika? Kwa sababu mwandishi anahitaji jeraha ili hadithi itembee, na kwa miongo mingi usonji umekuwa jeraha lililo tayari mkononi. Mama anaondoka, baba ananyamaza, dada anaona haya, kisha mtoto mwenyewe anakuja kuwa mtihani wa kupima wema wa wengine. Tazama kitabu cha mfululizo wa Baby-Sitters Club cha mwaka 1990, Kristy and the Secret of Susan. Susan ana usonji, hazungumzi, anapiga piano kwa ustadi wa ajabu. Kristy, msichana aliyeajiriwa kumwangalia, anajaribu kumfanya awe kama watoto wengine, anashindwa. Mwisho Susan anapelekwa shule ya bweni, na wazazi wake wanangoja mtoto mwingine ambaye wamekwisha kumchagulia jina, Hope, tumaini. Kitabu hicho kiliandikwa kwa nia njema, nami naamini hivyo. Lakini fikiria dada au kaka wa mtoto kama Susan akisoma mwisho ule kitandani: mmoja anatolewa nyumbani, tumaini linaletwa kwa mwingine. Na fikiria Susan mwenyewe akikisoma, kwa maana watoto kama yeye hukua, wakasoma.

Piano ya Susan na hesabu za Christopher zinatoka chungu kimoja. Ni ile hali ya kutaka mtoto mwenye usonji alipie nafasi yake kwa kipaji. Wapo wenye vipaji vya namna hiyo, ni wachache. Wengi ni kama watoto wengine wote, wana wanachokipenda na wasichokiweza. "Ah, basi" ya yule mwanafunzi imenikaa kifuani, Mama Wawili. Mtoto wa miaka minane amepimwa na mtu asiyemjua, akaonekana hatoshi, kwa kuwa tu hana mizizi ya namba kichwani. Mwambie binti kwamba swali lile likirudi anaweza kujibu kwa anachokijua: mdogo wangu anapenda lifti na kuogelea. Hana haja ya kuongeza neno. Haddon mwenyewe amesema waziwazi kwamba yeye si mtaalamu wa usonji na kwamba kitabu chake kinahusu mtu aliye tofauti, aliye nje ya wengine. Ndani ya riwaya neno usonji halimo. Walioligeuza kuwa somo la usonji ni wachapishaji waliotaja hali hiyo kwenye jalada, na walimu waliokuja baadaye. Ni kazi nzuri ya fasihi. Haikuandikwa ili imweleze mdogo wake mtu.

Shangazi wa mumeo sasa. Maneno yake ya "joto la mama" nimeyasikia Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, mara nyingi yakiambatana na ya jini na ya kijicho. Pengine itakushangaza kujua kwamba maprofesa waliyasema hayo hayo. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11, aliwaona wazazi wao kuwa watu baridi. Bruno Bettelheim wa Chicago akalikuza jambo hilo katika kitabu cha mwaka 1967, akiwalaumu wazazi, hasa akina mama. Wanawake wengi waliitwa mama jokofu, wakatenganishwa na watoto wao, wakaambiwa wao ndio ugonjwa. Lakini tayari mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alikuwa amechapisha kitabu cha kupinga nadharia hiyo kwa hoja. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akatamka kwamba anawaondolea lawama. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha hapa Uingereza: kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, nne walikuwa na usonji wote wawili, kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama mmoja, ndani ya nyumba moja. Kilichowatenganisha ni kwamba wa kufanana wana urithi mmoja wa damu.

Kwa hiyo ulirudi kazini mapema, na usonji wa mwanao haukutoka huko. Shangazi ni mkubwa, huna haja ya kumtolea hotuba. Mumeo ndiye mwenye kumjibu, kwa kuwa ni shangazi yake na yuko karibu naye sasa hivi. Jambo hilo liingie kwenye mazungumzo yenu ya wiki hii.

Nimeyaacha haya kwa makusudi mpaka hapa, kwa sababu ndiyo niliyoyaona mazito zaidi kwenye barua yako, nawe umeyaandika mwishoni kama jambo la pembeni. Binti wa miaka 15 anampokea mdogo wake kila siku, anamlisha, anakaa naye mpaka urudi zamu, na hujawahi kumsikia akilalamika. Mimi nimefundisha watoto wa umri huo maisha yangu yote. Asiyelalamika kabisa ana mahali anapolalamikia. Wako alilalamika ndani ya insha. Hakuweza kukuambia "nimechoka," kwa maana anaona ulivyochoka. Hakuweza kusema "namwonea mdogo wangu hasira," kwa maana anampenda. Akampata mama wa Christopher, mtu anayeruhusiwa kusema "sikuwa na subira," akasema kupitia kwake. Kwetu binti mkubwa huwa mama mdogo bila kuulizwa, na huko Tanga mama mdogo huyo ana shangazi, jirani, binamu na bibi wa kumpokea mzigo. Huko Birmingham yuko peke yake na mlango umefungwa.

Mwambie, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: una ruhusa ya kuchoka, na una ruhusa ya kukasirika, na ukikasirika hutakuwa umeacha kumpenda. Kisha mpunguzie kazi, maana ruhusa bila kupunguziwa ni maneno matupu. Uingereza ina sheria ya mwaka 2014, ya watoto na familia, inayoibana halmashauri ya eneo lenu kupima mahitaji ya kijana anayemtunza ndugu mwenye ulemavu. Sheria hiyo hiyo inakupa wewe haki ya kupimwa kama mzazi mlezi. Andika kwa halmashauri, omba vipimo vyote viwili kwa maandishi, eleza zamu zako na saa ambazo binti yuko peke yake na mdogo wake. Usiogope kwamba wataona umeshindwa kulea. Hofu hiyo imewanyima msaada akina mama wengi wa kwetu. Lipo pia shirika liitwalo Sibs, lililoundwa kwa ajili ya ndugu wa watu wenye ulemavu peke yao, na lipo la National Autistic Society, lililoanzishwa na wazazi mwaka 1962. Hata kama halmashauri itachelewa, tafuta siku mbili za wiki ambazo mtu mwingine atampokea mtoto, hata kwa kubadilishana na mama mwingine wa msikiti au wa kanisa, ili siku hizo binti abaki shuleni na wenzake.

Vitabu vingine mpatie. Rules wa Cynthia Lord, wa mwaka 2006, ni wa watoto wadogo kuliko yeye, ila utamgusa. Catherine ana miaka 12, kaka yake mdogo David ana usonji, naye anamwandikia kanuni za maisha, mojawapo kwamba vitu vya kuchezea haviingizwi kwenye tangi la samaki. Catherine anaona haya mbele ya jirani mpya, anachoka, anakasirika, na kitabu hakimwadhibu kwa hilo. David naye ana njia yake ya kuzungumza, anachukua sentensi kutoka hadithi za chura anazozipenda na kuzitumia pale zinapofaa, na dada yake anamjibu kwa sentensi za hadithi hizo hizo. Nikisoma kurasa hizo namfikiria mwanao na "Kesho Jumanne?" yake. Mwandishi wake ana mwana mwenye usonji na binti pia, na inaonekana. Kasoro ninayoiona ni kwamba David bado anatazamwa kutoka nje, macho ni ya dada mwanzo hadi mwisho.

Kwa macho ya ndani mpe A Kind of Spark wa Elle McNicoll, uliotoka mwaka 2020 na mwaka uliofuata ukashinda tuzo ya vitabu vya watoto ya Waterstones. McNicoll mwenyewe ana usonji. Addie ana miaka 11, anaishi kijiji cha Scotland, na akisikia kwamba hapo zamani wanawake waliuawa kwa kuitwa wachawi anaamua kudai kumbukumbu yao. Angalia jambo hili: Addie anataka kitu. Ana kazi, hadithi nzima inakwenda kwa sababu ya anachokitaka yeye. Ana dada wawili mapacha wakubwa, Keedie na Nina. Keedie ana usonji pia, Nina hana, na Nina huyo anapewa nafasi ya kuumia na kukosea bila kugeuzwa mbaya. Shida nyingi za Addie zinatoka kwa mwalimu mkatili na kwa kijiji chenye woga. Nyumbani kuna baba na mama waliopo. Binti akimaliza, muulize mtoto mwenye usonji katika kila kitabu anataka nini. Kwa Susan swali hilo halina jibu kabisa. Mdogo wake mwenyewe analo, tena kila usiku.

Vya Kiswahili ningependa nikutajie rafu nzima. Hadithi za watoto zenye mhusika mwenye usonji kwa lugha yetu ni chache mno, na wachapishaji wetu wa Dar na Nairobi wana deni hapo. Huku wakilipa, mtengenezee mwanao kijitabu cha nyumbani: picha zake za simu, ukurasa kwa kila siku ya wiki, sentensi moja ya Kiswahili chini ya kila picha, Jumanne akiwa majini. Binti aandike hizo sentensi akipenda. Asilazimishwe.

Kuhusu mwalimu wa fasihi, mwandikie barua fupi yenye mambo matatu. Kwamba binti ana ndugu mwenye usonji, na asifanywe msemaji wa usonji darasani. Kwamba sentensi ya insha kuhusu familia kuvunjika haina ushahidi, na utashukuru akiwaambia hivyo wanafunzi wote, kwa kuwa kuna wengine watakaoiandika. Na kwamba unaomba darasa lijadili uwongo wa baba kama chanzo cha kuvunjika kwa nyumba ya Christopher. Usimwandikie kwa hasira. Naye alisahihisha insha nzuri ya mtoto mwerevu, akapitiwa.

Insha yenyewe isichanwe. Binti aiandike upya akishazungumza na baba yake na kusoma tena ile sehemu ya barua, mara hii akitafuta kwenye mistari nani aliondoka, kwa nini, na nani alificha. Akiona bado anaamini aliloandika mwanzo, aliandike, ila alete ushahidi wake kutoka tamthiliani. Na akitaka nimsomee kabla ya kuipeleka, anitumie.